Kamera Mikononi mwa Wenye Msitu

Filamu nyingi kuhusu watu wa msituni huwa sizimalizi, kwa sababu najua zinavyopikwa. Mimi ni mpiga video, mkaazi wa Nakuru. Riziki yangu hasa hutoka kwenye harusi, mahafali na mazishi, ila mara moja moja shirika fulani hunikodi nipande nao msitu wa Mau, nishike kamera wao wakishika daftari. Nimeona mzee akiombwa avae ngozi ambayo kwa kawaida huitoa siku ya sherehe tu. Huketishwa juu ya gogo, jua likimpiga ubavuni. Simu yake hufichwa, na akiwa na saa mkononi huombwa aivue. Baadaye, studioni, hutiwa sauti ya mtu asiyeonekana, anayetueleza kwamba watu hawa wameishi hapa tangu jadi na kwamba sasa wanatoweka. Filimbi inalia, majina yanapita, mfadhili anashukuriwa. Mzee mwenyewe hasikiki akisema anachodai.

The Territory, iliyotoka mwaka 2022, niliitazama mpaka jina la mwisho. Mwongozaji wake ni Alex Pritz, Mmarekani, na wahusika ni Wauru-eu-wau-wau wa jimbo la Rondônia, magharibi mwa Brazil, katika msitu wa Amazon. Ni wachache kupindukia, hawafiki 200. Serikali ya Brazil ilikutana nao rasmi mwaka 1981, na maradhi yaliyoandamana na wageni yakawaua wengi. Lakini ardhi yao ni kubwa: zaidi ya hekta milioni 1.8, yaani zaidi ya mara nne ya misitu yote ya Mau ikijumlishwa. Ilipimwa, ikawekewa mipaka na kutambuliwa kisheria mwaka 1991. Ndani yake wamo hata watu wengine wasiotaka kuonana na yeyote wa nje, na sheria inawaachia wabaki hivyo.

Ukitazama picha ya setilaiti utaelewa shida yao bila kusimuliwa. Ardhi yao ni kijani kitupu, na pande zote imezungukwa na malisho ya ng'ombe yaliyokatwa kwa mistari iliyonyooka. Mistari hiyo ni barabara. Mwaka 1984 barabara kuu ya BR-364 ilitiwa lami kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na wakulima wasio na ardhi wakamiminika Rondônia kutoka kila pembe ya nchi. Walipoumaliza msitu walioambiwa hauna mwenyewe, wakaanza kuutazama huu wenye wenyewe. Mwaka 2018 Jair Bolsonaro alichaguliwa rais baada ya kuahidi kwamba hakuna hata sentimita moja zaidi ya ardhi itakayopimiwa wenyeji wa asili. Filamu inaanzia hapo.

Tunamfuata Bitaté, kijana wa miaka 18 hivi, ambaye wazee wanamkabidhi uongozi wa jamii yake kwa sababu anajua Kireno na anajua mji. Tunamfuata pia Neidinha Bandeira, mama aliyetumia miaka mingi kuwatetea wenyeji na ambaye simu yake huleta vitisho kama simu zetu zinavyoleta matangazo ya mikopo. Na yupo Ari, mwalimu, mmoja wa kikundi cha doria. Kazi yake ilikuwa kuandika na kuripoti ukataji miti. Aliuawa Aprili 2020, mwili wake ukakutwa kando ya barabara. Mwaka uliofuata Txai Suruí, binti ya Neidinha na mmoja wa watayarishaji wa filamu hii, alimtaja rafiki yake huyo mbele ya marais kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow.

Lakini kilichonishika mimi, kwa kazi yangu, ni jambo lililotokea korona ilipoingia. Jamii ilifunga njia: hakuna mgeni kuingia, wapiga filamu wakiwemo. Watu waliowahi kufyekwa na maradhi ya wageni hawakuhitaji semina kuhusu hilo. Kwa kawaida filamu ingekufia hapo, au mwongozaji angekaa mjini akingoja. Badala yake vifaa vikapelekwa, vikakabidhiwa, na wenyeji wakaendelea kupiga wenyewe. Tangãi Uru-eu-wau-wau ametajwa kwenye filamu kama mpiga picha mkuu pamoja na Pritz. Hakuwekwa kwenye orodha ya shukrani huko chini pamoja na madereva na wapishi.

Na tofauti inaonekana. Picha za mgeni msituni huwa zinatazama juu, kwenye vilele vya miti, kwa kuwa mgeni anashangaa. Picha za hawa vijana zinatazama chini na mbele: nyayo, tawi lililokatwa majuzi, kopo la petroli, turubai la kibanda. Kamera inatembea kwa mwendo wa mtu anayejua aweke mguu wapi. Wanaporusha droni kuangalia pengo jipya msituni, mtazamaji hatafutiwi mandhari ya kupendeza. Anaonyeshwa mahali pa kwenda kesho asubuhi. Kwenye doria moja wanawakuta wavamizi, wanawakamata, na kibanda kinachomwa moto. Picha inayumbayumba na fokasi inapotea. Mwanafunzi wangu angeleta kazi kama hiyo ningemrudisha, na hapo ningekuwa nimekosa maana ya kazi yenyewe.

Filamu ilishinda tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Sundance, na baadaye ikapata Emmy.

Niliitazama na baba yangu. Ni mstaafu, ujana wake wote aliumaliza kwenye kiwanda cha mbao huko Elburgon, kandokando ya Mau, na mimi nililelewa kwa mshahara uliotoka kwenye magogo. Yeyote aliyekulia Elburgon anajua harufu ya mji ule: unga wa mbao uliolowa mvua, na moshi wa mabanzi kwenye kila jiko. Baba hasomi tafsiri za chini kwenye skrini, basi nikawa namtafsiria.

Mwongozaji alifanya jambo ambalo waongozaji wengi hawathubutu: aliwapa nafasi walowezi nao wazungumze. Yupo Sérgio, aliyefanya vibarua kwenye mashamba ya wengine maisha yake yote na sasa anaongoza chama cha wakulima wanaotaka wagawiwe sehemu ya ardhi ya wenyeji. Anataka kufuata taratibu, anataka karatasi. Yupo pia Martins, asiye na subira ya karatasi. Anaingia na msumeno wa injini, anaangusha miti, anawasha moto, akiamini kwamba anayefungua pori ndiye mwenye pori.

Martins alipowasha msumeno, baba akasema, "Huyo si mwizi. Huyo ni sisi."

Nikamwambia, "Lakini baba, ile ardhi ina wenyewe."

"Na Mau haikuwa na wenyewe? Nani alituambia?"

Sikuwa na la kumjibu. Kizazi chake kiliambiwa Mau ni msitu wa serikali, basi. Mwenye neno la mwisho alikuwa foresta. Ukitaka kulima, ulipewa kipande, ukapanda viazi na mahindi katikati ya miche ya msipresi. Miche ikikua unahamishiwa kipande kingine. Watu wa asali walikuwepo, anasema baba. Walishuka sokoni na madebe yao, wakauza, wakanunua chumvi na unga, wakarudi juu. Hakuna aliyewauliza juu ni wapi.

Juu ni Mau Mashariki, na watu wenyewe ni Waogiek.

Kwa msomaji asiyeifahamu Mau: ni mkusanyiko wa misitu wa hekta 400,000 hivi kwenye ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa. Mito ya Mara, Sondu, Njoro na Molo inaanzia huko. Nyumbu wanaopigwa picha na watalii wakivuka Mara wanaogelea kwenye maji ya Mau, na maji hayohayo yanapita Serengeti na kuishia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Kwa hiyo kila serikali inapotaka kuwatoa watu Mau ina sababu iliyo tayari mdomoni, na ni sababu ya kweli: chemchemi lazima zilindwe. Ninachobishia mimi ni nani anahesabiwa kuwa adui wa chemchemi.

Waogiek wengi wanaishi ndani na kandokando ya Mau. Msitu wao haukuwa pori la kila mtu. Kila ukoo ulikuwa na eneo lake, aghalabu mgongo wa mlima kutoka chini kwenda juu, kijito kikiwa mpaka. Kulikuwa na hesabu ndani yake: miti ya chini na ya juu haichanui pamoja, kwa hiyo familia yenye ardhi inayopanda mlima ina asali kwa misimu tofauti ya mwaka. Mti wa silibwet ukichanua, asali yake hutoka karibu nyeupe.

Nimewahi kupiga video ya kurina asali karibu na Nessuit, huko Mau Mashariki. Mzinga ni gogo la mtarakwa lililopasuliwa, likachimbwa ndani, likafungwa tena; mtarakwa hauozi upesi, na mzinga mmoja unaweza kuzidi umri wa aliyeupandisha. Mrinaji alipanda na kitita cha kuvu kinachofuka moshi, mikono mitupu. Mimi nilikuwa chini, nimejifunika koti hadi machoni, na bado nyuki wawili waliingia kwenye mkono wa koti. Lakini kilichonivutia kilitokea tulipokuwa tukitembea. Kila baada ya hatua kadhaa mzee aliyetuongoza alinyoosha kidole juu: ule wa fulani, ule wa marehemu fulani, sasa wa mwanawe, ule usiuguse, una kesi. Nikaelewa nilikuwa napita kwenye mitaa ya watu. Anwani zilikuwa juu mitini.

Wakoloni hawakuziona anwani hizo, au hawakutaka kuziona. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter na kutoa ripoti yake mwaka 1934, ilipendekeza watu wa msituni wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila makubwa jirani. Hawakutengewa eneo lao, na msitu ukabaki wa Serikali. Uhuru ulipokuja, Serikali ilibadilika rangi lakini msitu ukabaki palepale kwenye vitabu. Miaka ya 1990 yakaja makazi ya kugawiwa huko Nessuit na Mariashoni, Waogiek wakitajwa kama walengwa. Ugawaji ulipokwisha, wageni wenye majina makubwa walikuwa wamepata vipande vinono. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa hekta zipatazo 67,000 kutoka kwenye misitu ya taifa, sehemu kubwa ikiwa Mau Mashariki. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kama karanga za mapokezi.

Halafu, Oktoba 2009, Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, ikatoa notisi ya siku 30: waliomo Mau watoke. Wote. Aliyenunua, aliyegawiwa na mwanasiasa, na aliyezaliwa chini ya mzinga wa babu yake wakawekwa kwenye notisi moja.

Kesi ya Waogiek ilianza na notisi hiyo. Mashirika ya kutetea haki yalipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo mwaka 2012 iliyafikisha kwenye Mahakama ya Afrika ya haki hizo, iliyoko Arusha. Tume ndiyo iliyoishtaki Kenya, kwa niaba ya jamii. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kuamua haki za watu wa asili. Ushahidi ulisikilizwa Novemba 2014, na hukumu ikatoka tarehe 26 Mei 2017.

Serikali ilikuwa na hoja mbili kubwa. Ya kwanza: hawa si Waogiek wale tena. Wanalima, wanafuga, wanavaa suti, basi wana tofauti gani na jirani zao? Hoja hii naisikia hata kwenye matatu, na inakera, kwa kuwa wanaoitumia ndio haohao wanaotaka mzee avae ngozi ili wamwamini. Mahakama iliikataa. Ilisema utamaduni si lazima usimame mahali pamoja ndipo uwe utamaduni. Mwogiek wa leo analima viazi, ana ng'ombe, watoto wake wako chuo kikuu, na bado anajua mzinga gani ni wa nani. Baba yangu haendi tena msituni na shoka, wala hakuna anayesema si mtu wa Elburgon.

Hoja ya pili ilikuwa mazingira, yaani kwamba Mau inaharibika na lazima watu watoke. Mahakama ikataka ushahidi kwamba Waogiek ndio waharibifu, ushahidi ukakosekana. Uharibifu, ikasema, umetokana na uvamizi wa watu wengine na hatua za serikali yenyewe: kumega msitu kwa ajili ya makazi na kutoa leseni za kukata mbao. Nilipomsomea baba sehemu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama leseni ya kiwanda chao imetajwa. Haikutajwa.

Kenya ikapatikana imevunja haki kadhaa za Mkataba wa Afrika: haki ya mali, ya dini, ya utamaduni, ya kutumia maliasili, ya maendeleo, na ya kutobaguliwa. Tarehe 23 Juni 2022 ikaja hukumu ya pili, ya fidia: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa maumivu, ziwekwe kwenye mfuko wa maendeleo wa jamii. Lakini fedha si kiini chake. Mahakama iliamuru ardhi ya mababu ya Waogiek itambuliwe, ipimwe, iwekewe mipaka na kutolewa hati ya pamoja, ndani ya miaka 2, kwa kushauriana na Waogiek wenyewe.

"Na sisi tulionunua?" Hilo lilikuwa swali la baba, na si swali la kupuuzwa, maana wapo maelfu walionunua kwa jasho lao kutoka kwa mtu aliyekuwa na karatasi. Hukumu imelifikiria. Inataka yawepo mazungumzo na wenye mashamba na leseni kwenye ardhi hiyo. Yakishindikana, serikali ndiyo itakayobeba mzigo, kwa kununua na kurudisha au kwa kuwapa Waogiek ardhi nyingine yenye thamani ileile. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba jirani amfukuze jirani. Anayewaambia wakulima wa Mau kwamba Waogiek wakishinda wao watalala barabarani anawatisha kwa faida yake.

Wala Katiba ya Kenya ya 2010 haikuhitaji kusubiri Arusha. Kifungu cha 63 kinataja ardhi za mababu, pamoja na ardhi zilizokaliwa kijadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji, kuwa ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ikafuata mwaka 2016. Tatizo ni kwamba Katiba hiyohiyo, kifungu cha 62, inaiweka misitu ya serikali kwenye ardhi ya umma. Ofisa wa misitu anasoma cha 62, mzee wa Ogiek anasoma cha 63, na mwenye bunduki kati yao ni mmoja.

Utekelezaji wa hukumu umekuwaje? Jopokazi liliundwa mwaka 2017, likaundwa jingine 2018. Ripoti haikuwekwa hadharani. Novemba 2023, huko Sasimwani, upande wa Narok, maafisa wa serikali waliingia wakabomoa na kuchoma nyumba za Waogiek, na mamia ya watu wakabaki nje msimu wa mvua. Hukumu zote mbili za Arusha zilikuwa zimekwisha kutolewa.

Na hapa ndipo filamu ya Brazil iliponifundisha jambo kuhusu nyumbani. Wauru-eu-wau-wau wana kile ambacho Waogiek wanakililia: mpaka uliopimwa, ulioandikwa, wenye mabango. Na bado wanavamiwa. Lakini angalia wanachoweza kufanya kwa sababu ya mpaka huo. Kijana anasimama na kifaa cha GPS, anasema wewe uko ndani, na maneno yake yana uzito wa sheria. Polisi wanaweza wasije, lakini hakuna anayebisha mstari uko wapi. Kijana wa Mariashoni akisimama na simu yake akapiga video ya lori la magogo, swali la kwanza atakaloulizwa ni yeye anafanya nini msituni. Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wa vyombo vya habari wanaodhani tatizo la Waogiek ni kutojulikana. Wanajulikana sana. Wamepigwa picha kuliko hata chui wa Mau. Wanachokosa ni mstari.

Sisemi kamera haina kazi. Ina kazi, ila si ile tuliyozoea. Mwaka 2006, pale Nessuit, wazee wa koo mbalimbali walikaa na vijana wakatengeneza sura ya Mau Mashariki kwa karatasi ngumu, tabaka juu ya tabaka, milima na mabonde, kisha wakaweka pini na nyuzi: ukoo huu unaishia kijito hiki, hapa palikuwa na mapango, hapa mizinga. Kile kilikuwa kielelezo cha ushahidi hasa. Video nayo inaweza kuwa hivyo, na vijana kadhaa wa huko nimewafundisha ninavyojua, kwa sababu video ya harusi na video ya mahakama ni vitu viwili.

Kwenye harusi unakata, unaongeza rangi, unaweka wimbo. Kwenye ushahidi usikate hata sekunde moja. Anza kurekodi kabla hujafika kwenye tukio, ukionyesha kitu kisichohama: mlima, daraja, kibao cha shule. Sema kwa sauti yako tarehe, saa na jina la mahali, na uwashe huduma ya mahali kwenye simu ili faili libebe alama hiyo. Usionyeshe uso wa mtoto. Usitume kwa WhatsApp na kuridhika, kwa kuwa WhatsApp inalibana faili na kulivua taarifa zake. Hifadhi faili la asili, nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Andika ni nani alirekodi, kwa simu gani, na kadi ya kumbukumbu ilipita mikononi mwa nani. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inadai cheti kwa rekodi ya kielektroniki, na wakili hawezi kukiandaa vizuri kama hajui faili lilitoka wapi. Vijana hupiga miayo nikifika hapo. Lakini rekodi nzuri inaweza kukataliwa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Jirani zetu wana mifano ya kila namna. Tanzania, mwaka 2011, Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, walipata hati ya haki miliki ya kimila kwa jamii nzima, haikutolewa kwa mtu mmoja mmoja. Leo wanalipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na miti yao, na walinzi wa doria ni watu wao wenyewe. Hilo pekee linatosha kumjibu anayedai kwamba ukiwapa hati wataumaliza msitu. Uganda, Wabatwa walitolewa Bwindi mwaka 1991 ilipofanywa hifadhi ya taifa. Miaka 30 ilipita kabla Mahakama ya Katiba, mwaka 2021, kukiri kwamba walitendewa visivyo haki. Kongo, Wabatwa waliotolewa Kahuzi-Biega miaka ya 1970 walisubiri hadi 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika uliowapa haki uwekwe wazi.

Upo ugumu pia ambao wapenda msitu hawautaji. Nani ni Mwogiek, baada ya vizazi vya kuoana na Wakipsigis, Wamaasai na Wakikuyu? Orodha itaandikwa na nani? Ukitangaza leo kwamba kuna hati, kesho Waogiek watakuwa mara tatu. Na hati ya pamoja inaweza kutekwa na wazee watatu wenye rafiki serikalini. Wanawake wa Ogiek nao wameanza kuuliza watakuwa wapi kwenye hati hiyo, maana koo zinafuata baba. Haya yote yanahitaji kazi ya polepole, ya mezani, isiyopigika picha nzuri. Lakini ugumu wa kuandika orodha si sababu ya kuchoma nyumba.

Baba aliitazama filamu hadi mwisho. Aliniuliza swali moja tu kuhusu Brazil: yule Sérgio hatimaye alipata shamba? Nikamwambia filamu haimpi. Akasema serikali yake ilipaswa kumtafutia pengine tangu mwanzo, asingefika pale. Nakubaliana naye. Ukikosa ardhi kwa sababu wachache wamejilimbikizia, kutumwa msituni kwa wasio na sauti si suluhisho. Ni kuwagonganisha maskini wawili, na mwenye leseni anakaa pembeni akihesabu magogo.

Kwa hiyo ukisikia kwenye taarifa ya saa moja usiku kwamba wavamizi wameondolewa Mau, usibadilishe stesheni. Sikiliza kama waliotolewa wametajwa ni akina nani, na kama aliyekuwa na leseni ya mbao naye ametajwa. Kama wewe ni Mkenya, muulize mbunge wako ripoti ya jopokazi iko wapi. Ni haki yako kuiona, kodi yako ndiyo iliyoigharamia. Makataa ya kutoa hati ya pamoja yalipita mwaka 2024, na hati haikutolewa.